Kazi ya Mtandaoni Isiyoomba Hela: Namna Vijana Watengenezaji wa Programu Wanavyotegwa

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo

Ni wachache miongoni mwetu wenye simu ya mkononi ambao hawajawahi kupokea ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumekwisha kuuzoea. Tunausoma, tunatabasamu, tunaufuta. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kampuni za simu na Jeshi la Polisi wamelirudia somo moja hadi limekaa vichwani: usimtumie fedha mtu usiyemfahamu. Makala haya yanahusu utapeli ambao somo hilo, pamoja na uzuri wake, halitoshi kuuzuia, kwa kuwa anayeufanya haombi hata senti moja. Yeye huleta kazi. Hutaja mshahara, hufanya usaili, kisha humpa kijana mtihani wa kupima uwezo wake. Mtihani huo ndio mtego.

Wanaolengwa ni watengenezaji wa programu za kompyuta. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini mkazi wa Dunda anayesubiri mashua za samaki zirudi, au mama mwenye duka Kiromo. Linamhusu. Katika kata zetu, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Magomeni, wapo vijana waliosoma TEHAMA katika vyuo vya Dar es Salaam na Dodoma, na wengine waliojifunza wenyewe kwa vifurushi vya usiku, ambao hutengeneza tovuti, mifumo ya malipo na programu za simu. Wateja wao wengine wako ng'ambo. Wengine ni shule, duka la dawa au kikundi cha akiba cha mtaa wa pili. Kompyuta ya kijana wa namna hiyo ikiingiliwa, kinachopotea si chake peke yake.

Ni vyema pia kusema mapema kwamba kumfanyia kazi mwajiri aliye nchi nyingine huku umekaa nyumbani ni kazi halali na yenye heshima. Mzazi anayemwona mwanawe mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane asiharakishe kudhani kwamba ni uvivu au uhuni. Huenda kwa mteja wake ndiyo kwanza mchana. Makala haya hayakuandikwa ili kumvunja mtu moyo.

Namna mtego unavyotegwa

Tuchukue mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo yaliyokwisha kuonekana katika matukio halisi. Kijana wa Kerege ameweka wasifu wake LinkedIn na mifano ya kazi zake GitHub, kama wafanyavyo wenzake wote wanaotafuta ajira. Siku moja anaandikiwa na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa kuajiri. Picha ni safi, wasifu una marafiki mamia, na kampuni inayotajwa ipo kweli. Ofisa huyo anamsifu kwa kazi fulani mahususi aliyoifanya mwaka jana, jambo linaloonyesha kwamba amechukua muda kumchunguza. Kwa kijana ambaye ametuma maombi arobaini bila kujibiwa, sifa hizo zina uzito kuliko hata mshahara, ambao kwa mwezi mmoja unazidi alichokipata mwaka mzima.

Baada ya siku mbili mazungumzo yanahamishiwa Telegram au WhatsApp. Unafuata usaili wa video, ingawa kamera ya msaili "ina hitilafu". Maswali ni mepesi. Kisha linakuja zoezi: pakua mradi huu, uendeshe katika kompyuta yako, tafuta kosa lililomo, lirekebishe, uturudishie ndani ya muda wa saa mbili, kwa kuwa kuna mwombaji mwingine anayesubiri.

Mradi wenyewe unafanya kazi. Kijana anauendesha, ukurasa unafunguka, kosa linaonekana, analirekebisha kwa furaha. Wakati huohuo sehemu nyingine ya mradi, iliyofichwa, imekwisha kusoma nywila zote zilizohifadhiwa katika kivinjari chake, imetafuta pochi za sarafu za kidijitali, na imefungua njia ya mtu wa mbali kuiongoza kompyuta hiyo kama yake. Baada ya hapo mwajiri hanyamazi kila mara. Wakati mwingine hujibu kwa upole kwamba nafasi imejazwa, anamtakia kijana kila la heri, na kijana anaendelea na maisha bila kujua kwamba mlango wa nyuma uko wazi.

Mwezi Novemba 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya Palo Alto Networks ilichapisha uchunguzi wake kuhusu mtindo huu na kuuhusisha na watu wanaofanya kazi kwa ajili ya Korea Kaskazini. Tangu hapo watafiti mbalimbali wameendelea kukuta miradi ya aina hiyo, mingi ikiwa imeandikwa kwa lugha ya JavaScript. Ujanja mmojawapo ni mdogo hadi unachekesha: mstari wa wizi unasukumwa kwa nafasi tupu nyingi sana upande wa kulia, hadi unatoka nje ya kioo. Msomaji anayepitisha macho haraka anaona mstari wa kawaida unaoishia mapema, na hafikirii kuburuta ukurasa kwenda pembeni.

Tukio linaloeleza hatari hii kuliko mengine lilitokea Japani. Mwishoni mwa Machi 2024, mtu aliyejifanya ofisa wa kuajiri alimwandikia kupitia LinkedIn mfanyakazi wa Ginco, kampuni inayotengeneza programu za kuhifadhia sarafu za kidijitali. Alimpelekea kiungo cha programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Python, akisema ni mtihani wa kabla ya ajira. Mfanyakazi aliinakili katika ukurasa wake wa GitHub, na kompyuta yake ikaingiliwa. Wezi hawakuharakisha. Walisubiri hadi katikati ya Mei ndipo walipoanza kujifanya yeye ndani ya mfumo wa mawasiliano wa kampuni yake, na mwisho wa mwezi huo wakaupotosha muamala halali wa DMM Bitcoin, soko la sarafu za kidijitali. Zilipotea bitcoin 4,502.9, zenye thamani ya takriban Dola za Marekani milioni 308 kwa wakati ule. Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) na Polisi ya Taifa ya Japani walitangaza matokeo ya uchunguzi huo Desemba 2024. Soko lenyewe lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba linafunga shughuli zake na kuzihamishia akaunti za wateja kampuni nyingine.

Tazama alichoombwa mfanyakazi yule. Hakuombwa fedha, na hakutoa hata yeni moja. Aliombwa atazame kazi ya mtu, jambo ambalo mtengenezaji wa programu hulifanya kila siku.

Kwa nini mtihani una hatari

Kwa asiye mtaalamu, jambo lenyewe laweza kuelezwa hivi. Kusoma msimbo wa programu ni kama kusoma barua: maneno hayakudhuru. Kuuendesha ni jambo jingine. Programu inayoendeshwa katika kompyuta yako huwa na uwezo ulio nao wewe mwenyewe: inaweza kufungua faili unazoweza kuzifungua, na kuzituma popote unapoweza kutuma. Kuendesha mradi wa mtu usiyemjua katika kompyuta unayoitumia kwa kazi na kwa benki ni kumkabidhi mpita njia funguo za nyumba, kisha wewe ukaenda kuoga baharini.

Kwa vijana wenye taaluma, tunapenda kusisitiza jambo ambalo hata wenye uzoefu hulisahau: madhara hayasubiri mradi uendeshwe. Amri ya kawaida ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript yaweza kuamsha maagizo mengine yaliyoandikwa ndani ya faili ya package.json, na maagizo hayo hutekelezwa kimyakimya. Vilevile baadhi ya programu za kuandikia msimbo, unapofungua folda na kubofya kwamba unaiamini, huruhusu kazi zilizopangwa ndani ya folda hiyo zianze zenyewe. Kwa hiyo mradi wa mgeni usomwe kwanza huko huko mtandaoni ulikohifadhiwa, kabla ya kupakuliwa. Ifunguliwe package.json na kuangaliwa maagizo yake. Mistari iburutwe hadi mwisho wake wa kulia. Faili yenye herufi zilizovurugwa zisizosomeka, katika mradi unaodaiwa kuwa ni zoezi la usaili, ni sababu tosha ya kuacha.

Ikilazimu kuuendesha, uendeshwe mahali palipotengwa: kompyuta ya mbali ya kukodi kwa saa chache, au mashine pepe isiyo na nywila, pochi wala faili za mteja yeyote. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye uwezo. Si kweli kabisa. Zipo huduma za kuendeshea msimbo ndani ya kivinjari ambazo kwa matumizi madogo hazilipishwi. Kilicho rahisi zaidi kuliko vyote hakigharimu chochote: mwambie mwajiri kwamba utafanya zoezi hilo mbele yake, katika mazungumzo ya video, ukiandika msimbo wako mwenyewe kuanzia mwanzo. Mwajiri wa kweli anataka kuona unavyofikiri, hivyo hatakataa. Anayesisitiza kwamba ni lazima uendeshe faili zake, katika kompyuta yako, leo, amekwisha kujieleza.

Upo mtindo mwingine wa karibuni usiohitaji mradi wowote. Kijana anapelekwa kwenye tovuti inayofanana na ya usaili wa video. Anajibu maswali kwa maandishi, na anapofika hatua ya kujirekodi, tovuti inamwambia kamera yake haifanyi kazi na inampa maelezo ya kuirekebisha: nakili maneno haya, yabandike katika dirisha la amri la kompyuta yako, bonyeza. Kamera haikuwa na tatizo lolote. Maneno aliyoyabandika ndiyo yaliyompakulia programu ya wizi. Hakuna usaili halali unaohitaji msailiwa abandike amri asizozielewa katika kompyuta yake.

Wenye kuijua historia ya mji huu watakumbuka kwamba karne ya 19, wapagazi walioondoka hapa na misafara ya bara kuelekea Tabora na Ujiji walipokea sehemu ya ujira wao kabla ya kuanza safari. Hofu ya kutapeliwa ilikuwa kwa mwenye msafara, kwamba mpagazi aliyelipwa atatorokea porini. Leo mpagazi ndiye anayetakiwa kutoa kitu chake kwanza, iwe ada, kitambulisho au ruhusa ya kuingia katika kompyuta yake, na anaona ni kawaida. Kijana akijiuliza swali moja tu, "huyu anataka nitangulize nini?", atakuwa ameutambua mtego mara nyingi kabla haujafyatuka.

Sura nyingine za utapeli huohuo

Ule wa kudai fedha waziwazi haujafa. Kijana anaambiwa amepata kazi, ila atangulize gharama ya vifaa, ya mafunzo au ya kibali. Au anaambiwa alipie daraja la kwanza la kazi za kubofya ili afikie la pili. Mwezi Februari 2025 Jeshi la Polisi lilitangaza kuwakamata watu waliohusishwa na mtandao uliojulikana kwa kifupi LBL, ambao uliwataka watu walipe kiingilio ili wapewe kazi ya kutazama matangazo. Kuhusu aina hii hatuna haja ya kusema mengi. Wanaojiunga nayo kwa kawaida wamekwisha kuonywa na jirani, na wamechagua kutosikia.

Isiyozungumzwa vya kutosha ni ile ya kukodisha jina. Mtu anamwandikia mtengenezaji wa programu na kumweleza kwamba hana haja ya kufanya kazi yoyote: akodishe tu akaunti yake ya Upwork au LinkedIn, apige picha akiwa ameshika kitambulisho cha Taifa, na kila mwezi atapewa fungu lake. Inaonekana ni neema, kumbe kijana amekuwa barakoa ya mtu mwingine. Nchini Marekani, mwanamke mmoja wa jimbo la Arizona alihukumiwa Julai 2025 kifungo cha miezi 102 jela kwa kuwasaidia wafanyakazi wa TEHAMA wa Korea Kaskazini kujifanya Wamarekani, akizihifadhi nyumbani kwake kompyuta walizotumiwa na waajiri. Kampuni zaidi ya 300 zilidanganywa. Muhimu kwetu ni kwamba kompyuta hizo zilikuwa nyumbani kwake, na polisi hubisha hodi penye anuani. Kwa hapa nchini, ambapo laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, picha ya kitambulisho ikiwa mikononi mwa mgeni ni jambo zito. Kila mwananchi anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na ni vyema afanye hivyo hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Sura ya mwisho ndiyo inayotisha, maana humchukua mtu mwenyewe. Tangazo linataka wataalamu wa kompyuta au wa huduma kwa wateja nchini Thailand, nauli inalipwa na mwajiri, malazi ni bure. Anayefika anavushwa mpaka hadi Myanmar au kupelekwa Kambodia, ananyang'anywa pasipoti, na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni mchana na usiku. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wanashikiliwa katika hali hiyo. Ilieleza pia kwamba wengi wao ni watu waliosoma, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Februari 2025, watu 260 walipotolewa kwa mkupuo mmoja na kuvushwa kuingia Thailand, zaidi ya nusu yao walikuwa Waethiopia. Na Wakenya na Waganda nao wamewahi kuokolewa huko. Katika sura hii mwajiri hulipa nauli yeye mwenyewe, kwa hiyo mzazi aliyezoea kuuliza "wamekuomba kiasi gani?" anajibiwa "hawajaomba kitu, mama", na moyo wake unatulia mahali ambapo haukupaswa kutulia. Aulize pia tiketi inaishia mji gani, viza ni ya utalii au ya kazi, na wakala aliyeipanga safari anatambuliwa na nani.

Mahali pa kuulizia

Wakala binafsi wa ajira hapa nchini anatakiwa na sheria kuwa na leseni, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) ndipo mahali pa kuulizia kabla ya kusaini mkataba wa kazi ya nje. Kampuni inayodai kusajiliwa Tanzania inaweza kutafutwa katika mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Kwa kampuni ya nje, njia ya hakika kuliko zote ni ya kizamani: usitumie anuani uliyopewa na anayekuandikia. Itafute tovuti ya kampuni wewe mwenyewe, uangalie kama nafasi hiyo imetangazwa humo, kisha uandike kwa anuani iliyomo humo ukiuliza kama mtu huyo ni mfanyakazi wao. Kampuni nyingi zimekwisha kutumiwa majina yao na matapeli. Hazitaona vibaya kuulizwa.

Anuani ya mtandao isomwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Majina yanayoishia .go.tz hutolewa kwa taasisi za Serikali pekee. Jina lenye maneno "go-tz" katikati huku likiishia .com si la Serikali, hata likiwa limepambwa kwa nembo ya Taifa. Nafasi za kazi katika utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupokelewa kupitia Ajira Portal bila malipo. Nafasi zinazotangazwa na Halmashauri huwekwa katika tovuti yake rasmi na mbao za matangazo. Yeyote anayedai hela ili "akusogeze mbele" katika orodha, hata akiwa anajulikana mtaani, anatenda kosa, na ofisi ya Mkurugenzi ingependa kumjua.

Aliyekwisha kuendesha mradi wa namna hiyo

Jambo la kwanza ni kuiondoa kompyuta hiyo katika intaneti, papo hapo. La pili, ambalo wengi hulikosea, ni kutobadilisha nywila kwa kutumia kompyuta hiyohiyo. Programu ya wizi yaweza kuwa inarekodi kila herufi inayobonyezwa, na nywila mpya itawafikia wezi kabla haijakauka. Itumike simu au kompyuta nyingine. Ianze barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote, kisha benki na huduma za fedha za simu, kisha GitHub na mengineyo. Katika kila akaunti, pamoja na kubadilisha nywila, uchaguliwe mpangilio wa kutoka katika vifaa vyote. Mfanyakazi yule wa Japani aliigizwa kwa kutumia kumbukumbu za kivinjari zinazomtambulisha mtu aliyekwisha kuingia, ambazo mara nyingi huendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilishwa. Funguo za mifumo ya wateja zifutwe na kutolewa mpya. Kompyuta yenyewe isafishwe kabisa na kuwekewa mfumo upya. Kuipitishia programu ya kuua virusi na kuendelea na kazi hakutoshi.

Kisha inakuja sehemu ngumu, nayo ni kumwambia mteja. Shule ambayo mfumo wake wa ada ulikuwa wazi katika kompyuta hiyo ina haki ya kujua leo, wala si siku wazazi watakapoanza kulalamika. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taasisi inayokusanya taarifa za watu ina wajibu wa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Haiwezi kufanya hivyo ikiwa fundi wake amenyamaza kwa aibu. Kijana huogopa kwamba atapoteza mteja. Huenda kweli akampoteza. Lakini siku walizokaa wezi wa Japani bila kugunduliwa, kati ya Machi na Mei, ndizo zilizowatajirisha.

Wazazi wana sehemu yao hapa. Kijana aliyenaswa na mtego huu si mjinga. Aliyemtega ni mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, na wamenaswa wataalamu wenye mishahara mikubwa kuliko bajeti ya kata. Maneno ya kwanza yakiwa ni matusi, hatasema tena, na aliyeathirika kwa pili atakuwa mama mwenyewe, ambaye akaunti yake ya fedha hufunguliwa katika kompyuta hiyohiyo.

Utapeli huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo taarifa ipelekwe kituo cha Polisi na mlalamikaji apewe namba ya RB. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwa simu upelekwe kwa namba 15040 ya TCRA. Palipo na shaka ya mtu kusafirishwa nje kwa hila, Polisi waarifiwe kabla ya siku ya safari, kwa kuwa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inawapa nguvu ya kuchukua hatua angali mtu yuko hapa. Asiye na uhakika aanzie kwa Mtendaji wa Kata au Polisi Kata, au afike Kitengo cha TEHAMA makao makuu ya Halmashauri akiwa na ujumbe aliotumiwa. Mazungumzo yasifutwe, hata yale yenye kuaibisha. Jina la akaunti, kiungo cha mradi, saa na tarehe za ujumbe ndivyo ushahidi wenyewe. Ni bora vije katika simu kama vilivyo kuliko kusimuliwa kwa mdomo. Kompyuta iliyoathirika iletwe ikiwa imezimwa.